Dawson City: kabla hujaokota chochote

Tangu UNESCO iliingize eneo la Tr'ondëk-Klondike katika orodha ya Urithi wa Dunia mwezi Septemba 2023, maswali yanayofika kitengo chetu cha urithi yameongezeka, na malalamiko vilevile. Wanaolalamika wengi ni wageni wema waliozuiwa kuondoka na chupa kuukuu au kipande cha chuma chenye kutu.

Wengi hudhani Dawson City iko Alaska; haiko huko. Iko Yukon, nchini Kanada, pale mto Klondike unapomwaga maji yake katika mto Yukon. Wala dhahabu ya Agosti 1896, iliyoanzisha mbio za dhahabu za Klondike, haikupatikana mjini, maana mji wenyewe haukuwepo. Ilipatikana kwenye kijito cha Bonanza na kina Skookum Jim, Dawson Charlie, Kate Carmack na mumewe George. Mfanyabiashara Joe Ladue ndiye aliyeuanzisha mji baadaye, na kufikia 1898 watu walikuwa kama 30,000.

Sasa jambo linalotuchosha kulirudia: UNESCO haikuorodhesha dhahabu. Iliorodhesha maeneo manane yanayoonyesha yaliyowakuta wenyeji, Tr'ondëk Hwëch'in, ukoloni ulipowafikia, na namna walivyokabiliana nao. Mdomoni mwa Klondike kulikuwa na Tr'ochëk, kambi yao ya kuvua samoni. Wachimbaji walipoivamia, Chifu Isaac aliwahamishia watu wake Moosehide, kilomita kama tano kuelekea mto unakoshukia, na nyimbo zao akazikabidhi kwa ndugu zao wa Alaska wazitunze. Makubaliano ya mwisho ya ardhi kati yao na serikali za Kanada na Yukon yalitiwa saini 1998. Kwa hiyo kusema “pale ni mahame tu”, kama wageni wengine wasemavyo kuhusu maeneo haya, si sahihi, na wenyewe wanaposikia si adabu.

Kuhusu vitu vya kale: kwa sheria za Yukon, kitu kilichoachwa ardhini kikiwa na zaidi ya miaka 45 kinalindwa. Msumari, kopo la maziwa, sahani iliyopasuka, vyote vimo. Usikiokote, usikisogeze “ili kionekane vizuri”. Piga picha, andika mahali kilipo, toa taarifa. Kuchimbua bila kibali ni kosa kisheria, na kusema hukujua hakukuondolei mashtaka. Ukikuta mifupa inayoshukiwa kuwa ya binadamu, acha kila kitu kama kilivyo na uwaite polisi.

Kuchekecha dhahabu kwa karai kunaruhusiwa bure kwenye kitalu namba 6 cha Bonanza, kwa zana za mkono tu. Nje ya hapo, kila kijito kichukulie kuwa kina mwenyewe. Anayetaka kitalu chake awe na miaka 18, asimike vigingi viwili kwenye mstari wa msingi (ule unaofuata uelekeo wa kijito), urefu usizidi futi 500, kisha akisajili kwa msajili wa madini. Kama kipo ndani ya maili 10 kutoka ofisi ya msajili, ana siku 10 za kukisajili. Kila mwaka afanye kazi yenye thamani ya dola 200 na kuithibitisha, la sivyo kitalu kinafutika. Tarehe ni tarehe.

Mwisho, daraja la kuvuka mto Yukon pale mjini halipo. Kiangazi kuna pantoni ya George Black, bila nauli. Majira ya baridi watu huvuka juu ya barafu, lakini 2016–17 na 2017–18 mto haukuganda sawasawa mahali pa kawaida. Njia ya barafu isipotangazwa kufunguliwa, usiingize gari, hata kama umeona alama za matairi ya aliyekutangulia.