Gari la Kuishi na Umeme wa Jua: Yanayodhaniwa Tabora na Kigoma, na Ukweli Wake

Nikiegesha Urambo, Kaliua au Uvinza, haipiti nusu saa watu wameshalizunguka gari langu. Ni Coaster ya zamani iliyotolewa viti, ikawekwa kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na paneli mbili za sola juu ya paa. Kazi yangu ni kufunga sola kwenye vijiji ambavyo nguzo hazijafika, na sehemu kubwa ya mwaka naishi humo. Maswali yanafanana kila ninapokwenda. Yapo majibu ambayo watu wameshajipa wenyewe, na baadhi yake yanaweza kuwagharimu pesa. Moja linaweza kuwagharimu uhai.

"Umeachana na LUKU, sasa unatumia umeme wa bure."

Twende kwa uniti, maana lugha hiyo kila nyumba inaijua. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Betri ya maji ya volti 12, ampea-saa 100, inabeba uniti 1.2, na ukitaka idumu usiitumie kupita nusu. Mzigo wa karibu kilo 30 unakupa basi uniti 0.6. Hizo zinatosha taa, redio, simu na feni ndogo usiku kucha. Chomeka pasi ya wati 1,000 uone: nusu saa tu, umeme wa siku nzima umekwisha. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo unaweza kuitumia hadi asilimia 80 na ni nyepesi zaidi, ila bei yake ya kuanzia ni kubwa.

Halafu wapo wanaonunua inveta kubwa wakidhani ndiyo inayoleta umeme. Inveta haizalishi chochote, inageuza tu kilichomo kwenye betri. Kifaa cha wati 1,500 kwenye mfumo wa volti 12 kinavuta ampea 125, na waya mwembamba hapo unapata moto hadi kuyeyuka. Waya uwe mnene na mfupi, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri.

Kuwa nje ya gridi si kukaa gizani. Mji wa Kigoma kwa miaka mingi uliwaka kwa majenereta ya dizeli bila kuunganishwa na gridi ya Taifa. Tofauti ni kwamba kwenye gari kama langu mzalishaji ni wewe, msambazaji ni wewe, na msoma mita pia ni wewe.

"Kwa jua hili la Tabora, paneli moja inatosha."

Hapa watu wanachanganya mwanga na joto. Paneli inataka mwanga. Joto linaipunguzia nguvu. Wati zilizoandikwa nyuma yake zilipimwa seli zikiwa na nyuzi joto 25, na kila nyuzi inayozidi inaondoa karibu asilimia 0.4. Juu ya bati la gari, saa nane mchana, seli zinaweza kufika nyuzi 60, na hapo umeshapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana zangu nimeziinua vidole vinne kutoka kwenye paa, upepo upite chini.

Mchana wa saa kumi na mbili nao haukupi saa kumi na mbili za umeme. Ukijumlisha asubuhi, jioni na mawingu, unapata kama saa tano za jua kamili. Paneli zangu mbili za wati 200 kila moja zingenipa uniti 2 kwenye karatasi. Mimi nahesabu moja na nusu wakati wa kiangazi, na masika nahesabu pungufu ya hapo.

Adui mkubwa ni kivuli. Seli za paneli zimeunganishwa kwa mfuatano, kama watu wanaopokezana ndoo: mmoja akilala, mstari mzima unakwama. Tawi moja la mwembe juu ya kona ya paneli linaweza kukuondolea sehemu kubwa ya umeme. Na Tabora kila penye pa kuegesha pana mwembe! Gari linataka kivuli, paneli inataka jua. Mimi nina paneli ya tatu yenye waya mrefu, naitandika juani, na gari linabaki chini ya mti. Kuhusu kuilaza au kuiinamisha, usihangaike sana: Tabora iko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, jua linapita utosini mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Inamishe kidogo tu ili mvua ioshe vumbi.

"Ukiacha dirisha wazi kidogo, jiko la mkaa ndani halina shida."

Hili ndilo lililonifanya niandike. Juni na Julai usiku wa Tabora una baridi, na nimemkuta dereva wa lori, barabara ya Sikonge, akiingiza jiko kwenye kichwa cha gari ili alale. Mkaa ulikuwa umekolea vizuri, hautoi moshi, naye akaona usalama ndio huo. Sivyo. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayokalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, miguu inalegea, na aliyelala hasikii hata hayo. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi. Nilimsihi mpaka akalitoa jiko nje, nikampa blanketi langu. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje kwenye hewa haraka na mpeleke hospitali hata akisema amepata nafuu. Jenereta karibu na dirisha nayo ina hatari ileile.

Gesi ya mtungi ina tabia nyingine: ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kujikusanya sakafuni. Toboa tundu la kupitisha hewa chini, mtungi ukae karibu nalo.

"Maji ya Ziwa Tanganyika unaona hadi chini, ya nini kuyachemsha?"

Kuonekana hadi chini hakuna uhusiano na vijidudu. Mei 2015 kipindupindu kililipuka Kagunga, ufukweni mwa ziwa hilihili, wakimbizi kutoka Burundi walipokuwa wamejazana kijijini. Chemsha hadi yatokote, au tia dawa ya klorini. Tangi la lita 200 ni kilo 200, kwa hiyo lifunge chini katikati ya ekseli, kamwe lisiwe juu ya paa. Na choo chako usikimwage kwenye korongo. Korongo linaishia kwa anayechota maji.

"Unalala popote unapotaka."

Hapana. Ugalla ni hifadhi ya taifa tangu 2019, huingii bila kibali. Kijijini naanza kwa mwenyekiti, kisha ndipo naegesha. Porini situndiki turubai la buluu, maana mbung'o hupenda rangi hiyo, nao ndio waenezao malale.

"Hayo ni maisha ya Wazungu."

Wapagazi wa Kinyamwezi waliishi njiani miezi kwa miezi kati ya Tabora na pwani, na warina asali hadi leo wanakaa kambini porini wiki nyingi na kila wanachohitaji. Mmoja wao, mzee wa Kaliua, alinikuta nasafisha paneli. Alisikiliza maelezo yangu hadi mwisho, akauliza: "Sasa mwanangu, mvua ikinyesha siku tatu, humo kwenye betri una unga wa siku ngapi?"

Nilikuwa na wa siku moja. Mwezi uleule niliuza betri ile, nikanunua mbili zinazofanana.