Ujumbe wa "tuma kwa watu 12" haupimi imani yako

Simu inaita mlio mfupi katikati ya Soko la Mbuyuni, Moshi, na mama muuza ndizi anaacha kuhesabu chenji. Ni ule ujumbe wa miaka yote: tuma kwa watu 12 kabla ya saa sita usiku ubarikiwe, ukitilia shaka, Mungu atakuacha.

Si kweli, na kuhakiki ni rahisi kwa kuwa Biblia ipo nyumbani. Fungua Marko 9:24. Baba mwenye mtoto mgonjwa anakiri kwamba anaamini, na hapohapo anaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Hakufukuzwa, mtoto wake aliponywa. Tomaso naye, katika Yohana 20, alitaka kuona makovu ya Yesu, akaonyeshwa.

Kinachochanganya watu ni kwamba ujumbe huo huambatana na mstari wa kweli, mara nyingi Zaburi, na hutumwa na shangazi tunayemheshimu. Nani amkatalie shangazi?

Lakini soma 2 Wafalme 18:4. Nyoka ya shaba aliyoitengeneza Musa ilikuwa kitu chema, agizo la Mungu mwenyewe. Baadaye watu wakaifukizia uvumba, na mfalme Hezekia akaivunja vipande. Sanamu si lazima iwe ya mti. Hata ujumbe, ukiaminiwa kuwa una nguvu ndani yake kama hirizi, unafika hukohuko.

Basi ukikufikia, usiusambaze. Kama shangazi ana hofu, mpigie, msali pamoja.