Tathmini ya mchangiaji damu mmoja mmoja: maana yake

Ni utaratibu ambao benki ya damu humpima mchangiaji kwa mambo aliyoyafanya karibuni, si kwa kundi analohesabiwa kuwamo. Marekani ilichukua muda mrefu kuufikia.

Mwaka 1985 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, ilimfungia maisha mwanamume yeyote aliyejamiiana na mwanamume mwenzake tangu 1977, hata kama ni mara moja tu. Hofu ya wakati ule ilikuwa na msingi: wagonjwa wa hemofilia (ugonjwa wa damu kutoganda) walikuwa wameambukizwa VVU kupitia dawa zitokanazo na damu, na kipimo cha VVU ndiyo kwanza kimetoka. Vipimo vikaboreka, marufuku ikabaki palepale miaka 30. Desemba 2015 sharti likawa miezi 12 bila kujamiiana na mwanamume. Aprili 2020, corona ilipokausha akiba ya damu, likashuka hadi miezi 3.

Siku hizi damu yote inayochangwa hupimwa. Kipimo cha kusaka virusi vyenyewe hushindwa kuona maambukizi ya siku za mwanzo tu, kama siku 10 hivi. Hicho ndicho kipindi cha dirisha, na ndicho kinachofanya maswali yaendelee kuulizwa.

Sasa tazama sharti la zamani: wanaume wawili walioishi pamoja miaka mingi, kila mmoja akitosheka na mwenzake, walirudishwa nyumbani, huku mwanamume mwenye wanawake watano akipita. Kwangu mimi huo ni uonevu, na hata usalama wenyewe haukulindwa.

Tangu Mei 2023 FDA inaelekeza maswali yawe yaleyale kwa wote. Ukiwa na mpenzi mpya, au zaidi ya mmoja, ndani ya miezi 3, na mkafanya ngono ya njia ya haja kubwa, unasubiri miezi 3. Uingereza ilitangulia mwaka 2021, Kanada 2022.

Wapo wanaosema kuchangia damu si haki ya mtu, mwenye haki ni mgonjwa. Ni kweli, na ndiyo maana dawa ya PrEP, ya kuzuia kuambukizwa VVU, bado ina masharti: humkinga mtumiaji, lakini inaweza kuchelewesha kipimo kugundua virusi. Aliyemeza vidonge husubiri miezi 3, aliyechomwa sindano miaka 2, awe mwanamume au mwanamke.