Kabla ya Mjeledi Kuna Karatasi

Kila mwaka nikifika kwenye wiki ya mwandishi Leopold von Sacher-Masoch, darasa langu la riwaya ya Ulaya hufurika. Hata ambao hawakusajili somo huja, wakakaa nyuma na kujifanya wanatafuta pa kuchajia simu. Wamesikia kwamba neno "masokizimu", ile raha ya kuumizwa, limetoka kwenye jina la bwana huyu, kwa hiyo wanangoja viboko. Mimi huwagawia karatasi moja ya mkataba. Tunaisoma kifungu kwa kifungu kama wanafunzi wa sheria, na nusu saa haijapita wageni wa nyuma wameanza kupiga miayo.

Mkataba huo haukutoka riwayani. Uliandikwa Desemba 1869, Sacher-Masoch akiwa na miaka 33, mzaliwa wa Lemberg, mji ambao leo ni Lviv wa Ukraine. Aliandikiana na mwanamke aitwaye Fanny Pistor kwamba atakuwa mtumwa wake kwa miezi 6, atatii kila amri na kukubali kila adhabu. Bibi naye akaahidi kuvaa manyoya kila itakapowezekana, hasa siku atakazojisikia kuwa katili. Kisha kinakuja kifungu ninachokipenda kuliko vyote: mtumwa aachiwe saa 6 kila siku za kufanya kazi zake, na bibi asisome barua wala maandishi yake.

Mtumwa anajipangia saa za ofisi! Mwaka huohuo soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi, lilifungwa 1873. Wanafunzi wangu wa pwani huwa wa kwanza kunyoosha mkono hapa, na wana haki. Kwetu neno mtumwa lina makaburi na majina ya ukoo, na hakuna aliyesombwa kutoka bara hadi kwenye mashamba ya karafuu akaulizwa anataka saa ngapi za kuandika. Siwakatazi hasira hiyo. Nawaomba tu waende nayo hadi kwenye riwaya yenyewe, kwa sababu mwandishi ameliona swali lao.

Riwaya hiyo, Venus im Pelz, yaani Zuhura aliyevaa manyoya, ilitoka 1870. Severin, kijana mwenye mali, anampenda mjane aitwaye Wanda na kumsihi amfanye mtumwa. Anapopendekeza wahamie nchi ambayo utumwa ungali halali, Wanda anakataa. Kuna fahari gani, anauliza, kuwa na mtumwa mahali ambapo kila mtu anaye? Anataka wa kwake pekee, katika nchi yenye sheria na polisi, ambako hakuna kinachomshikilia yule mtu ila Wanda mwenyewe. Hapo ndipo mchezo wa Severin unapoachana na unyama wa soko. Mtumwa wa soko hakutia saini popote. Severin ametia saini, tena baada ya kubembeleza kurasa nyingi mpaka amechosha.

Na kweli anachosha. Anayekifungua kitabu hiki akitafuta uchafu atakirudisha dukani. Mjeledi upo, lakini kurasa nyingi zimejaa kungoja: kungoja barua, kungoja hatua mlangoni, kungoja kuona kama leo bibi amevaa koti lile. Wanda mwenyewe anasitasita. Ni Severin anayemfundisha namna ya kumtesa, kama mwongozaji anayemwelekeza mwigizaji asiyeijua nafasi yake. Nikiuliza darasani nani hasa anayeamrisha humu, hatumalizi kipindi kile.

Daktari Richard von Krafft-Ebing alilichukua jina la mwandishi na kulifanya jina la ugonjwa mwaka 1890, Sacher-Masoch mwenyewe akiwa hai. Alikufa 1895. Tangu hapo watu wengi wanalijua neno bila kujua kwamba nyuma yake kulikuwa na mtu aliyeandika vitabu.

Kosa la pili lilikuwa kumfunga pingu moja na Marquis de Sade, mwandishi Mfaransa ambaye jina lake limetupa neno la raha ya kutesa, likazaliwa neno refu usadomasokizimu, kana kwamba hao wawili ni kulia na kushoto ya mwili mmoja. Mwanafalsafa Gilles Deleuze alilipinga jambo hilo mwaka 1967, na mimi ni mfuasi wake. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba mtesaji wa Sade anahitaji taasisi, ilhali mtu wa Masoch anahitaji mkataba. Sade aliandika Siku 120 za Sodoma mwaka 1785 akiwa gerezani Bastille, kwenye msokoto wa karatasi wenye urefu wa mita 12 hivi, na mabwana wanne wa kitabu hicho wanaelewana wao kwa wao tu. Mateka wanasomewa kanuni, hawaulizwi. Pier Paolo Pasolini alikielewa hicho vizuri alipokihamishia kisa kwenye Italia ya miaka ya mwisho ya ufashisti, katika filamu yake Salò ya 1975. Mwanzoni kabisa mabwana wale wanatia saini kitabu cha kanuni. Saini zao tu. Nimeitazama mara mbili, sina mpango wa mara ya tatu, na simpangii mwanafunzi yeyote kuitazama. Lakini anayesema filamu ile ni ya mapenzi ya ajabuajabu hakuiona. Ni filamu ya serikali.

Sasa kamera. Kalamu inaweza kukaa ndani ya kichwa cha anayepigwa na kutuambia kwamba alikuwa akiingoja dakika ile tangu asubuhi. Kamera inaona mkono ukipanda na ngozi ikiwa nyekundu. Ridhaa haina sura. Mwongozaji asiye na njia ya kuionyesha huishia pabaya pawili: ama wahusika wake wanakuwa wagonjwa wa kuhurumiwa, ama anatupatia tangazo la manukato lenye kamba za hariri.

Michael Haneke aliipata njia, nayo ilikuwa karatasi. Katika filamu yake La Pianiste ya 2001, iliyotokana na riwaya ya Elfriede Jelinek ya 1983 kuhusu mwalimu wa piano wa Vienna, Erika hawezi kuyatamka anayoyataka. Anamwandikia barua kijana Walter, barua ndefu yenye maagizo ya kila namna. Wamejifungia chumbani, kabati limesukumwa mlangoni kwa sababu mama yuko upande wa pili, na Walter anaisoma kwa sauti. Haneke hatuonyeshi lolote kati ya yaliyoandikwa. Anatuonyesha uso wa Isabelle Huppert akisikiliza aibu yake ikisomwa na mtu anayechefukwa. Hakuna mjeledi na hakuna aliyevua nguo, lakini sijaona filamu nyingine iliyoieleza mada hii kwa ukali kama huo.

Baadaye Walter anarudi usiku, anampiga na kumbaka, huku akimkumbusha kwamba si ndiyo aliyoyaomba. Wapo wanaoniambia kwamba mwishowe Erika alipata alichokitaka. Hapana. Barua ile ilikuwa nusu ya mkataba: mmoja ameandika, mwenzake hajatia saini, kisha ameitumia kama leseni. Haneke amerekodi tofauti hiyo bila kutuhubiria, na mtu akishaiona hawezi tena kuchanganya mchezo wa Severin na uhalifu.

Secretary ya Steven Shainberg, ya 2002, ni nyepesi zaidi na ina ucheshi. Humo pia kazi inaanza kwenye karatasi: mwanasheria anazungushia makosa ya taipu kalamu nyekundu, na karani wake anaanza kukosea makusudi. Inamalizika kwa ndoa. Hadithi ya Mary Gaitskill iliyoizaa haina harusi wala uponyaji, ina msichana anayeondoka kazini akiwa amejaa ganzi, nami naipenda zaidi. Hata hivyo naitetea filamu kwa jambo moja: inamruhusu mwanamke kutaka anachokitaka na kufurahi bila kuadhibiwa na mwandishi.

Na ndiyo, huwa naulizwa kuhusu Fifty Shades of Grey. Kitabu cha E L James kilitoka 2011, filamu ikafuata Februari 2015, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya ikaipiga marufuku mwezi huohuo. Bila shaka marufuku ile iliitangaza kuliko bango lolote la Nairobi. Ugomvi wangu nayo ni kwamba inaogopa mada yake: matamanio ya kuadhibu ya tajiri Christian Grey yanaelezwa kwa majeraha ya utotoni, kisha mapenzi ya Anastasia, binti mwema, yanamponya. Ni Krafft-Ebing yuleyule, ameongezewa helikopta. Ila kuna tukio moja zuri kweli. Wanakaa pande mbili za meza ya mikutano, mwanga hafifu, na Anastasia anaupitia mkataba wa utii alioandikiwa akifuta hiki, akikataa kile, kama mnunuzi wa kiwanja aliyekuja na wakili. Anacheka, na tajiri anatoka jasho. Mkataba ule hautiwi saini kamwe, na hadithi nzima ingekuwa bora kama ingebaki pale mezani.

Kitabu cha mwisho ninachopangia darasa ni cha yule aliyekabidhiwa mjeledi. Mwaka 1873 Sacher-Masoch alimwoa Aurora Rümelin, aliyekwisha kujitwalia jina Wanda kutoka riwayani. Mwaka 1906, aliyekuwa mumewe akiwa ameshakufa, alichapisha kumbukumbu zake. Anasimulia alivyosumbuliwa avae manyoya, achape, atafute mwanaume mwingine ili mumewe aone wivu, na yeye ana watoto wa kulisha na nyumba inayotegemea kalamu ya mtu yule. Aliyeandikwa kuwa bibi ndiye aliyekuwa anachoka. Siku hiyo wageni wa nyuma hawaji, na wanafunzi waliobaki huutoa tena ule mkataba niliowagawia mwanzoni na kuanza kuusoma kwa upande wa Fanny.