Bajeti ya nyumbani ni nini, na kwa nini huvunjika?

Bajeti ya nyumbani ni uamuzi wa matumizi unaofanywa kabla hela haijaguswa. Kaya inaangalia kipato inachotarajia, inakigawa katika mafungu, na kila fungu linapewa kazi yake: kodi ya nyumba, chakula, nauli, ada, madeni, akiba, hata starehe. Starehe nayo ni fungu halali. Bajeti isiyoiachia nafasi haimalizi miezi miwili.

Wengi huichanganya na daftari la matumizi. Daftari linakuambia hela ilikwenda wapi, bajeti inaamua itakwenda wapi, na moja bila jingine ni kubahatisha. Mwaka 1904 mwandishi wa habari wa Japani, Hani Motoko, alichapisha daftari la hesabu za nyumbani, kakeibo, na utaratibu huo una wafuasi mpaka leo. Faida yake inaonekana mwisho wa mwezi, mtu anapokaa chini na kulinganisha alichopanga na kilichotokea. Anayeandika kila senti halafu harudi kusoma alichoandika amejiongezea kazi tu.

Sasa, kwa nini bajeti nyingi huvunjika? Lawama kwa kawaida huangukia vijimatumizi vya kila siku. Vinachangia, lakini kwa maoni yangu vinasingiziwa mno. Mharibifu mkubwa ni gharama ambayo kila mtu nyumbani anajua itakuja, ila haiji kila mwezi.

Tuchukue kipato cha mwezi kuwa sehemu 100. Kodi, chakula, nauli, umeme, maji na mengine ya kila mwezi yanakula 90. Mwenye hesabu anaona anabakiwa na 10, na roho yake imetulia. Tuongeze yasiyo ya kila mwezi: ada mara 3 kwa mwaka, sehemu 32 kila awamu, yaani 96; bima ya mwaka, 36; matengenezo na vitu vinavyochakaa kama viatu, godoro na simu, 24. Jumla ni 156. Ukigawa kwa miezi 12 unapata 13. Kumbe habakiwi na 10, anapungukiwa na 3 kila mwezi, isipokuwa upungufu huo haujitokezi mpaka awamu ya ada ifike. Hapo anakopa, na marejesho pamoja na riba yanajiunga na ile 90. Ukimuuliza atakwambia mwaka huu dharura zimezidi. Lakini ada si dharura. Tarehe zake zilijulikana tangu mwaka unaanza.

Dawa yake ni kuzichukulia gharama hizo kama za kila mwezi: unatenga 13 kila kipato kinapoingia na kuziweka mbali na hela ya matumizi, ikiwezekana kwenye akaunti nyingine kabisa. Hesabu hiyo ikionyesha kwamba kipato hakitoshi, basi umelijua tatizo mapema, wakati bado unaweza kuhamia nyumba ya kodi nafuu au kutafuta kipato cha ziada. Fungu la dharura hubaki peke yake kwa ajili ya yasiyotabirika, kama ugonjwa au kupoteza kazi. Washauri wengi hupendekeza lifikie matumizi ya miezi 3 hadi 6, ingawa hata la mwezi mmoja tu linamwepusha mtu na mikopo ya haraka yenye riba kali.

Kuna kanuni maarufu ya 50/30/20, iliyoenezwa na mwanasheria Elizabeth Warren wa Marekani pamoja na binti yake mwaka 2005: nusu ya kipato kwa mahitaji, 30 kwa unavyotamani, 20 kwa akiba na madeni. Inafaa kujipima nayo, lakini haifai kujihukumu nayo. Tangu 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri kaya inavyokuwa na kipato kidogo, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho inavyokwenda kwenye chakula. Kaya ambayo mahitaji yake yanakula 80 haina tabia mbaya. Ina kipato kidogo, na kuihubiria ijibane hakusaidii sana.

Tabia ina nafasi yake hata hivyo. Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, alieleza jinsi watu wanavyozipa hela majina kichwani: ya mshahara inatumika kwa uangalifu, ya bonasi au ya kurudishiwa inatumika ovyo, ingawa thamani ni ileile. Udhaifu huo unaweza kugeuzwa ukusaidie. Hela iliyokwisha kuitwa ada, ikakaa kwenye akaunti yake, mkono unasita kuigusa. Vivyo hivyo, akiba inayokatwa yenyewe siku kipato kinapoingia inadumu kuliko ile inayosubiri kitakachobaki. Kwa upande wa ununuzi, weka vikwazo: futa kadi iliyohifadhiwa kwenye programu za manunuzi, na kitu cha bei kubwa kilale usiku mmoja kabla hujakilipia.

Mkiwa wawili, pangeni pamoja, na kila mmoja awe na kifungu kidogo asichodaiwa maelezo yake. Ugomvi mwingi wa hela nyumbani huanzia kwenye kuulizana ulichonunua.

Kwa mwenye kipato kisichotabirika, hesabu ya wastani humdanganya, kwa sababu wastani una miezi mizuri ndani yake. Achukue mwezi wake wa chini kabisa katika mwaka uliopita, apange mahitaji juu ya huo. Miezi mizuri ikija, ziada ijaze kwanza pengo la miezi mibaya, ndipo ifuate akiba ya muda mrefu, kisha vile anavyovitamani.