Barua ya "bima yako inahamia kampuni dada": usiitupe kabla hujajua inasema nini

Kuna aina moja ya barua inawachanganya sana wazee wetu huku Arusha na Moshi, hasa wale waliofanya kazi Uingereza miaka mingi halafu wakarudi kujenga Machame au Usa River, na pensheni yao inalipwa kila mwezi na kampuni ya bima ya kule. Inakuja bahasha nene, ndani kuna kijitabu kizima, kinasema kampuni fulani inahamisha biashara yake yote kwenda kampuni nyingine ya kundi hilohilo, maombi yako Mahakama Kuu London, na kama una pingamizi lako lilete. Basi simu zinaanza. Mwanangu, hawa wamefilisika? Nimeshtakiwa? Natakiwa niende London?

Hapana, yote matatu. Ila pia usikubali ile ya "aah hayo ni makaratasi tu, si kampuni ni zilezile", maana hata mawakala wazoefu nawasikia wakisema hivyo na hapo ndo natofautiana nao kabisa. Mi ni mtakwimu bima, yaani mpiga hesabu za hatari na mitaji ya kampuni za bima, hizi ripoti za uhamisho nazisoma kwa kazi, na nakwambia kampuni dada siyo kampuni ileile.

Tuanze na kwanini mahakama iingie kati. Sheria ya mikataba, ya Uingereza na hata ya kwetu hapa Sura 345, haimruhusu anayedaiwa kumhamishia mtu mwingine deni lake bila anayedai kukubali. Mi nikikudai milioni moja huwezi kunitumia meseji kwamba kuanzia kesho deni lako analipa shemeji yako, hata kama shemeji ana hela kukuzidi. Sasa kwenye bima ada umeshalipa wewe, anayedaiwa ni kampuni, kwahiyo kampuni ikitaka deni lake lihamie kwa dada yake ingebidi ipate sahihi yako, na ya mjane wa Scotland, na ya yule aliyehama nyumba mara nne, na ya watu wengine laki tatu ambao nusu yao hawajibu barua. Haiwezekani. Ndo sheria ikaweka njia: jaji akiridhika anatoa amri, na amri hiyo inasimama badala ya ridhaa ya kila mtu. Kwa maneno mengine ridhaa yako umenyang'anywa kisheria, na huo mlolongo wote wa ripoti na matangazo ndo fidia unayopewa kwa kunyang'anywa.

Na hii haikutoka hewani. Mwaka 1869 kampuni ya bima ya maisha iliyoitwa Albert ilianguka kule Uingereza, na Albert ilikuwa imemeza kampuni nyingine kibao, ambazo zenyewe nyingine zilishameza wenzake. Watu walikuwa na hati za kampuni za zamani, ada wanailipa Albert, halafu Albert haipo. Wanamdai nani? Bishano likawa hivi: ulipokubali kuilipa kampuni mpya, je ulimwachia huru yule wa zamani? Mambo yalichanganyika hadi Bunge likatunga sheria maalum mwaka 1871 kumpa Lord Cairns kazi ya usuluhishi. Kabla ya hapo, mwaka 1870, ilishatoka sheria kwamba uhamisho wa bima za maisha lazima upite mahakamani, na ya 1872 ikaongeza kwamba hutahesabiwa umeiachia kampuni ya zamani kwa sababu tu ya kulipa ada kwa mpya, mpaka uwe umeandika. Siku hizi yote hayo yako kwenye Sehemu ya VII ya sheria yao ya huduma za fedha ya mwaka 2000, na bima za jumla, yaani magari, moto, dhima na kadhalika, nazo zikaingizwa humohumo.

Sasa mlolongo wenyewe. Kampuni inateua mtaalamu huru, mara nyingi ni mtakwimu bima mwenzangu, lakini hawezi kuanza mpaka PRA, yule msimamizi wa mitaji ya mabenki na bima kule, amkubali baada ya kushauriana na mwenzake FCA anayeangalia maslahi ya wateja. Mtaalamu anaandika ripoti juu ya makundi matatu ya wateja: wanaohama, wanaobaki, na wale waliokuwa tayari kwenye kampuni inayopokea (hawa wa tatu huwa wanasahaulika kwenye maongezi, kumbe ndo wanaoletewa wageni nyumbani). Baadaye kuna kikao kifupi cha mahakama kupanga nani atumiwe barua na matangazo yatoke wapi, barua zinatumwa, tangazo linatoka kwenye magazeti ya serikali ya London, Edinburgh na Belfast na magazeti mawili ya kitaifa, halafu ndo kikao kikubwa cha jaji. Lazima pia kuwe na cheti kwamba kampuni inayopokea itakuwa na mtaji wa kutosha baada ya kubeba mzigo mpya. Ripoti nzima ya mtaalamu ukiiomba unapewa bure, siyo ule muhtasari tu wa kwenye kijitabu. Iombe.

Hapa kwenye mtaji ndo pa kukaa.

Mtu akiona jina la ukoo ni lilelile anatulia, anasema hawa wakubwa hawawezi kumwacha mtoto wao azame. Nani kakwambia? Kila kampuni ni mtu wake kisheria, ina mizania yake, na kampuni mama haina wajibu wa kuilipia madeni binti yake isipokuwa imeandika mkataba wa dhamana. Kuna kesi ilionyesha hili vizuri sana japo kampuni zenyewe hazikuwa ndugu. Prudential walikuwa wanahamisha pensheni za watu kama 370,000 kwenda Rothesay, thamani kama pauni bilioni 12. Mwezi Agosti 2019 Jaji Snowden akakataa, na mtaalamu huru ameshasema sawa, wasimamizi hawajapinga! Hoja yake kwa ufupi ni kwamba watu walichagua Prudential, kampuni ya tangu 1848, kwa umri na sifa yake, na nyuma yake kuna kundi kubwa ambalo lingetegemewa kuisaidia, wakati Rothesay ilianzishwa 2007 tu. Wengi tulishangaa. Desemba 2020 Mahakama ya Rufani ikatengua: umri na sifa siyo vitu vya kupima hapa, na msaada wa kampuni mama ambao haujaandikwa kwenye mkataba hauhesabiki, kinachoangaliwa ni uwezo wa kampuni yenyewe kulipa. Kesi ikarudi kwa jaji mwingine na mwaka 2021 uhamisho ukapitishwa.

Mi naona Rufani walipatia, ingawa najua wazee wengi huruma yao iko kwa Snowden. Ukiisoma hukumu hiyo kwa jicho la kampuni ndugu inakata pande zote mbili, yaani kama jina kubwa la mama haliwezi kutumika kuzuia uhamisho kwenda kwa mgeni, basi halitakiwi pia kukubembeleza ukubali uhamisho kwenda kwa dada.

Kwahiyo unaangalia nini? Kanuni zao zinataka kampuni iwe na mtaji wa kuhimili mwaka mbaya wa aina inayotegemewa kutokea mara moja katika miaka 200. Kwenye ripoti utakuta asilimia, tuseme kampuni ya zamani ina mtaji mara mbili ya unaotakiwa na mpya ina mara moja na nusu. Mzee anaruka: nimeshushwa! Si lazima, maana ile ziada ya juu haikuwa yako, bodi ingeweza kuwagawia wenye hisa kama gawio hata mwezi ujao na wewe usingeulizwa. Kinacholinda ni kile kiwango ambacho kampuni imejifunga kwa sera yake kutokishuka, na sera hiyo inabadilishwa na nani. Hilo tafuta kwenye ripoti, na kama halijaelezwa vizuri hilo tayari ni swali la kuwaandikia. Angalia pia bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni ya bima yenyewe inajikatia kwa kampuni nyingine: mara nyingi kampuni ndugu zinabebeana hatari kwa mikataba ya ndani, na uhamisho ukipita baadhi ya mikataba hiyo inakufa au inabadilika.

Na kitu kingine, nchi. Uingereza walipokuwa wanatoka Umoja wa Ulaya makundi mengi yalihamisha bima za wateja wa Ulaya kwenda kampuni dada za Ulaya ili yaendelee kuwalipa bila kuvunja sheria. AIG waligawa kampuni yao ya Ulaya mara mbili, Uingereza na Luxembourg, kuanzia tarehe 1 Desemba 2018, na Lloyd's wakapeleka za kwao kwenye kampuni yao ya Brussels mwishoni mwa 2020. Ukiwa na kampuni ya Uingereza kuna mfuko wa fidia unaitwa FSCS, kampuni ikifa mfuko unakulipa asilimia 100 kwa bima za muda mrefu na zile za lazima, na 90 kwa nyingi zilizobaki. Ukihamishiwa nchi nyingine kinga hiyo inaweza kukatika hata kama nembo kwenye bahasha ni ileile. Kwa mteja wa kawaida hilo naliona zito kuliko asilimia zote nilizotaja juu.

Wenye kampuni za utalii msilale, maana amri ya mahakama inaweza kubeba hadi bima zilizokwisha muda. Kama mgeni aliumia Ngorongoro miaka iliyopita na bima yako ya dhima enzi hizo ilikuwa ya London, akija kudai leo huenda anayejibu ni kampuni ambayo hujawahi kuisikia, na kesi iliyokuwa inaendelea dhidi ya kampuni ya zamani inaendelea na mpya. Tunza hizo barua.

Kupinga je? Huhitaji wakili wala viza. Yeyote anayeona ataumizwa na uhamisho ana haki ya kusikilizwa, na ukiandika barua au imeili, kampuni inatakiwa ilifikishe pingamizi lako kwa mtaalamu, kwa wasimamizi na kwa jaji. Tatizo letu ni sanduku la posta, barua inakaa Moshi mjini wiki kadhaa mpaka kijana apite, kwahiyo ukiiona tu kimbilia tarehe ya kikao kwanza halafu ndo usome mengine. Na andika kitu mahsusi. "Sipendi hii kampuni mpya" haitakusaidia, lakini "kwenye ripoti sijaona nitalindwa na mfuko gani kampuni mpya ikifilisika" hiyo lazima ijibiwe. Usitegemee pia jaji achague mpango mzuri kuliko wote, huo ni uamuzi wa wakurugenzi, yeye anapima kama huu uliopo unamuumiza mtu kwa kiasi cha maana na kama ni wa haki.

Kabla hujaogopa kila habari ya kampuni za hapa kuungana, tofautisha na kuuziana hisa. Mwaka 2020 Allianz na Jubilee walikubaliana Allianz ichukue hisa nyingi za bima za jumla za Jubilee kwenye nchi tano, Tanzania ikiwemo. Pale aliyebadilika ni mwenye kampuni, mkataba wako unabaki na kampuni ileile hata ikibandikwa jina jipya mlangoni. Uhamisho wa biashara ni mkataba kuhama. Ukipata barua ya namna hiyo kutoka kampuni ya hapa nyumbani, msimamizi ni TIRA chini ya Sheria ya Bima ya 2009, na wana ofisi ya kanda Arusha, nenda nayo mkononi ukaulize.

Ukishapita uhamisho, jina kwenye taarifa ya benki litabadilika siku ya malipo, usidhani ni matapeli. Ila matapeli nao huwa wanaotea kipindi hichohicho, kwahiyo akipiga mtu anasema "thibitisha namba ya akaunti ili tukuhamishe", kata simu. Amri ya mahakama imeshakuhamisha, haihitaji namba yako.