Kyaka, Mutukula na ule mkataba wa 1890 uliotugusa na sie Wazanzibari

Vijana wa skuli wanaokuja kwetu kwenye nyaraka, ukiwauliza vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda vya 1978-79, wengi wanakwambia hayo mambo ya Bara, ya Nyerere na Idi Amin. Mie huwatandikia ramani kwanza.

Tazama Mto Kagera: unatoka magharibi, unapita Kyaka, halafu unapanda kwenda kumwaga Ziwa Victoria upande wa Uganda. Ungedhani mpaka unafuata mto, lakini hapana, umepigwa rula kwenye digrii 1 kusini ya Ikweta, kwahiyo kipande kizima cha Tanzania kimebaki kaskazini ya mto, na barabara kubwa ya watu wa huko kwenda kwa wenzao wa kusini inapita daraja la Kyaka. Mstari ule Waingereza na Wajerumani waliukubaliana Berlin tarehe 1 Julai 1890, na mkataba ni huohuo uliotutia sisi Zanzibar chini ya himaya ya Uingereza, Mjerumani akachukua kisiwa cha Heligoland. Raia wa kawaida hakuulizwa, si wa huko si wa huku.

Amin alipindua serikali ya Uganda 1971, Obote, rais aliepinduliwa, akakimbilia Tanzania, na 1972 watu wa Obote wakajaribu kurudi kwa silaha kupitia Mutukula, mji wa mpakani, wakashindwa, ndege za Uganda zikapiga mabomu Bukoba na Mwanza. Mwisho wa Oktoba 1978 jeshi la Amin likaingia lenyewe, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba kipande chote kile ni chake. Siku mbili baadae wakalilipua daraja la Kyaka. Hebu fikiria mtu aliebaki ng'ambo na watoto, ng'ombe washaswagwa kupelekwa Uganda, nyumba imekombwa mpaka mabati, na daraja ndo hilo halipo tena. Maelfu walikimbia, na raia waliouliwa wanakadiriwa 1,500. Pale Kyaka magofu ya kanisa lililopigwa mabomu bado yamesimama, ukienda Bukoba pita ukayaone.

JWTZ, jeshi la Tanzania, ikaweka daraja la muda ikavuka, na Januari 1979 ikaiteka Mutukula ya upande wa Uganda. Hapa tuseme kweli yote jamani, maana historia ya nusu haifundishi: Mutukula ilisawazishwa kwa matingatinga na raia waliuliwa kwa kisasi, Nyerere alipopata khabari alisikitika sana akaamrisha raia na mali zao wasiguswe tena. Bibi wa kawaida wa Mutukula hakuvamia nchi ya mtu. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili, na Nyerere akawaambia wananchi wafunge mikanda miezi 18, ikawa zaidi sana, wazee wetu Unguja na Pemba wanaikumbuka ile foleni ya unga na sukari.

Na jeshi lile ni la Muungano, vijana wa visiwani walikwenda, wengine hawakurudi. Khabari zao nyingi zimo majumbani tu, kwenye masanduku ya bibi zetu. Kama kwenu kuna barua ya kutoka vitani, picha ya mtu na sare yake au medali, msitupe na msiisafishe picha kwa maji, itieni ndani ya bahasha kavu mbali na jua, na nyuma ya bahasha andikeni jina lake na alikotoka. Na kama yeye mwenyewe yuhai mrikodini kwa simu, mwacheni aseme kwa lafudhi yake, asikatizwe.